Kura: Unazaliwa Nayo au Unaitumikia Kwanza?

ZUHURA: Karibuni sana kipindini, mimi Zuhura, niko na kaka yangu Baraka kama kawaida, na leo hatuzunguki kwa sababu tumeanza kubishana hata maikrofoni hazijawashwa. Kaka, hebu rudia ulichoniambia ili na wasikilizaji wasikie.

BARAKA: Nakirudia, tena kwa moyo mmoja. Kuna hoja ya siku nyingi kwamba mtu asipige kura mpaka atumikie kwanza, iwe jeshini au kwenye kazi ya umma, tuseme miaka miwili, akimaliza ndo apewe kura yake. Na mi naona watu wanaitupa haraka mno hii hoja. Kura ni madaraka juu ya maisha ya wenzako, dada. Ukimchagua mtu umempa uwezo wa kupeleka watoto wa watu vitani, alafu wewe unarudi nyumbani kulala. Sasa yule aliyekaa kwenye handaki na yule ambaye hajawahi kujitolea hata siku moja, sauti zao zilingane? Mi hapo roho yangu inakataa.

ZUHURA: Nakuelewa, na hilo wazo lina watu wa kulibeba hadi leo. Mwaka 2023 Vivek Ramaswamy, wakati anautafuta urais wa Marekani kupitia chama cha Republican, alitaka umri wa kupiga kura upande mpaka 25, na wa miaka 18 hadi 24 wapige tu kama wametumikia jeshini au kwenye vikosi vya dharura, au wamefaulu mtihani wa uraia. Ila hapo ingebidi katiba ibadilishwe, kwa sababu kuna marekebisho ya 26, ya mwaka 1971, ndo yaliyoweka kwamba mtu wa miaka 18 asinyimwe kura kwa sababu ya umri. Na unajua yale marekebisho yalisukumwa na nini?

BARAKA: Vita ya Vietnam. Kijana wa miaka 18 anaitwa kwa lazima kwenda kupigana, na kura anaipata akifika 21, yaani anaweza kufa hajawahi kumpigia mtu kura. Sasa si umenisaidia mwenyewe? Walipata kura kwa sababu walikuwa wanatumikia.

ZUHURA: Subiri kwanza. Waliokuwa wanaitwa kwa lazima ni wavulana tu. Kura wakapewa nani? Wote wa miaka 18, wasichana ambao hakuna aliyewaita popote, wenye matatizo ya macho waliokataliwa, na wale watoto wa familia zenye uwezo walioahirishiwa jeshi kwa sababu wako chuo. Vita ndo iliyowafungua watu macho, lakini mlango ulipofunguliwa haukuwekwa mtu wa kuuliza cheti cha jeshi. Mi naona hiyo tofauti ni kubwa sana.

BARAKA: Sawa, lakini historia ya hii kitu ni ndefu, haijaanzia Marekani. Chukua Athens ya zamani, ule mji wa Ugiriki. Maskini wa pale hawakuwa na hela ya kununua silaha za askari wa miguu, walichokuwa nacho ni mikono ya kupiga makasia. Merikebu moja ya vita ilikuwa inataka wapiga makasia 170. Wakawashinda Waajemi kwenye vita ya baharini ya Salamis mwaka 480 KK, na kuanzia hapo ikawa vigumu mno kumwambia mpiga makasia kaa kimya wakubwa wanaongea, maana mji umesimama kwa mgongo wake. Nguvu ya maskini kwenye ile demokrasia ilikua pamoja na jeshi la majini. Hiyo sio bahati.

ZUHURA: Na wageni wakazi wa Athens je? Mbona hao huwataji? Mtu amezaliwa palepale, baba yake amezaliwa palepale, anaitwa kwenda vitani na anaenda, analipa na kodi maalum kwa kuwa yeye ni mgeni, kura hana, na mwanawe naye hatakuwa nayo. Kwaiyo hata huko unakokutolea mfano, utumishi haukuwa unaleta kura. Walikuwa wameshaamua nani ni mwenzao, alafu kati ya hao wenzao ndo wakaangalia nani anapiga kasia. Na hapa ndo penye roho ya ninachotaka kusema leo, kwamba nchi zinapenda kuahidi kura kwa anayetumikia lakini kwenye kulipa zinachagua wa kumlipa.

BARAKA: Hilo ni tatizo la utekelezaji, dada, sio la wazo lenyewe.

ZUHURA: Ngoja nikupe mtu mmoja basi. Medgar Evers, Mmarekani mweusi wa Mississippi. Vita Kuu ya Pili akapelekwa Ulaya, alikuwepo Normandy, kule pwani ya Ufaransa, amerudi na heshima zake zote za kijeshi. Mwaka 1946 yeye na kaka yake na wenzao kadhaa waliotoka vitani wakaenda kupiga kura huko kwao Decatur, wakakuta kundi la wazungu wenye silaha limewazibia njia, wakarudi bila kupiga. Huyu mtu amepigana na Hitler, kaka! Akaendelea kupigania haki mpaka akauawa mwaka 1963, kwenye uwanja wa nyumba yake, na Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ikapita 1965, miaka miwili hayupo. Sasa kama utumishi ungekuwa ndo ufunguo, ule ufunguo wake uligoma kwa nini?

BARAKA: Ulikataliwa kwa ubaguzi. Na ubaguzi ule ungekuwepo hata bila sharti la utumishi, kama ulivyokuwepo. Kwaiyo mfano wako unauma, kweli unauma, lakini unaonyesha ubaya wa wale watu. Mi nazungumzia nchi inayofuata sheria yake. Kila mtu akifika 18 anapewa nafasi, asiyeweza kubeba bunduki apewe kazi nyingine, hospitali, zimamoto, kupanda miti, kuhudumia wazee, chochote anachokiweza, na asikataliwe mtu. Ukimaliza, una kura. Usipotaka, ni hiari yako, hakuna anayekufunga, unaishi maisha yako ila huamui.

ZUHURA: Asikataliwe mtu. Haya, twende hapohapo maana ndo pazito. Uswisi wana sheria kwamba mwanaume asiyetumikia jeshi analipa kodi ya msamaha, asilimia 3 ya kipato chake. Kulikuwa na bwana mmoja ana kisukari, alitaka kwenda jeshini, alitaka kabisa, madaktari wa jeshi wakasema hafai, lakini pia wakamwona hajaumwa kiasi cha kusamehewa kodi. Yaani amekataliwa kutumikia alafu anadaiwa kwa kutotumikia. Ikabidi afike mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, akashinda mwaka 2009, mahakama ikasema huo ni ubaguzi. Na Uswisi ni nchi yenye utaratibu wake mzuri tu, sio nchi ya vurugu. Pale ilikuwa hela. We weka kura badala ya hela, uone yule bwana angepita miaka mingapi ya chaguzi hana sauti huku mafaili yanazunguka.

BARAKA: Mh. Hilo la kisukari sikulijua.

ZUHURA: Na anayeamua kwamba unafaa au hufai ni nani? Ni serikali. Ile ile ambayo kura yako ingeweza kuitoa madarakani. Kwaiyo unampa mchezaji kazi ya kuchagua refa. Hata isipokataa mtu waziwazi, inaweza kuchelewesha, inaweza kukupangia kituo cha mbali na mama yako mgonjwa mpaka uache mwenyewe, inaweza kusema nafasi mwaka huu zimejaa. Nani atathibitisha? Na wewe huna kura ya kumuuliza mbunge, kwa sababu ndo hiyo unayoitafuta.

BARAKA: Lakini hata leo serikali ndo inayoandikisha wapiga kura, ndo inayotoa vitambulisho. Mianya ipo tayari.

ZUHURA: Ipo, na tunapambana nayo kila siku kuipunguza, sasa tuongeze mwanya wa miaka miwili kwa nini? Alafu angalia Eritrea. Sheria yao ya mwaka 1995 inasema utumishi wa taifa ni miezi 18. Ikaja vita na Ethiopia mwaka 1998, ile miezi 18 ikawa haina mwisho, kuna watu wameingia vijana wakazeekea humo. Na tangu nchi ipate uhuru mwaka 1993 haijawahi kufanya uchaguzi wa kitaifa. Wametumikia kuliko karibu watu wote duniani, na hakuna sanduku la kura. Kilichokosekana pale ni uwezo wa raia kumwambia mtawala basi inatosha. Ndo maana mi nasema kura inatakiwa itangulie utumishi, ili anayetumikishwa awe na pa kusemea.

BARAKA: Hapo nakubali kitu kimoja. Kama utumishi ndo unatangulia, basi katika ile miaka miwili mtu yuko mikononi mwa serikali bila ulinzi wowote wa kisiasa, na huo ndo muda anaouhitaji kuliko wakati wowote. Hiyo hoja ina uzito, siipingi. Ila bado najiuliza kuhusu kuthamini. Mtu aliyejitoa aonekane.

ZUHURA: Aonekane, ndio! Mshahara mzuri, matibabu, pensheni, nyumba, masomo bure kwa watoto wake, vyote mpe, sina ubishi hata kidogo. Lakini utampimaje? Angalia Uingereza mwaka 1918. Sheria mpya, askari aliyepigana anapiga kura akiwa na miaka 19 wakati wanaume wengine wanasubiri 21. Waliokataa vita kwa dhamira wakafungiwa kura miaka mitano. Wanawake wakapewa kwa mara ya kwanza kura ya bunge, na watu wanapenda kusema ilikuwa shukrani kwa kazi waliyofanya wakati wa vita, kumbe walioruhusiwa ni wa miaka 30 kwenda juu na wenye sharti la mali. Wale mabinti wa viwanda vya risasi na mabomu, waliokuwa wanageuka ngozi kuwa ya njano kwa sababu ya kemikali za baruti, wengi walikuwa chini ya 30. Wakaachwa mpaka 1928. Kila ukiweka mizani ya nani ametumikia vya kutosha, anayeshika mizani anaipima kwa macho ya watu wa aina yake.

BARAKA: Mi nilichokuwa naogopa ni kura ya mtu asiyejali chochote. Lakini nilipokuwa najiandaa nikakutana na habari za Sparta, mji mwingine wa Ugiriki ya kale, na ni lazima niiseme hata kama inanipinga. Pale raia kamili ni mtu aliyepita mafunzo na anayechangia chakula kwenye meza ya pamoja, mwezi hadi mwezi, ukishindwa kuchangia unatoka kwenye uraia. Sharti kali, la haki kwa sura yake. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, anataja raia kama 8000 wakati wa vita na Waajemi. Mwanafalsafa Aristotle, miaka kama mia na hamsini baadaye, anasema hawafiki hata 1000. Sababu zilikuwa nyingi, vita, tetemeko la ardhi, ardhi kuangukia mikononi mwa wachache, lakini lile sharti lilikuwa linawatoa watu na lilikuwa gumu kuwarudisha. Na walioko ndani ndo wenye kura ya kulibadilisha, na hawalibadilishi kwa sababu wao wako ndani.

ZUHURA: Ee! Na aliyeko nje hana wa kumsemea. Fikiria dada wa miaka 18 anayemlea mdogo wake asiyeweza kutembea. Hawezi kwenda kambini miaka miwili. Anaamka usiku mara ngapi, nani anahesabu? Bajeti ya dawa za yule mdogo wake inaamuliwa na wabunge ambao yeye hajawachagua na mdogo wake hatawachagua kamwe. Hao ndo watu ambao maamuzi ya serikali yanawafika mpaka kitandani. Mi siwezi kukaa kwenye nchi ikamwambia yule binti hujatumikia. Siwezi.

BARAKA: Na ningekuambia ule ulezi uhesabike, ungeniuliza nani anakagua.

ZUHURA: Ningekuuliza.

BARAKA: Basi nikwambie ninachobaki nacho, maana sijahama chote. Bado naona aliyevaa sare ana dai la kipekee kwenye kura. Ila ukiangalia duniani, kuna nchi zimefanya kinyume kabisa, zinamnyang'anya. Katiba ya Brazil ya 1988, kijana aliye kwenye jeshi la lazima hawezi kujiandikisha kupiga kura kwa muda huo wote. Colombia, wanajeshi na polisi walioko kazini hawapigi. Ufaransa wanajeshi walikaa bila kura kuanzia 1872 mpaka 1945.

ZUHURA: Wanaogopa jeshi liingie kwenye siasa, na kamanda asije akapiga kura na kikosi kizima kwa amri.

BARAKA: Woga una msingi, lakini dawa yake ni kituo cha kura chenye siri ya kweli, mawakala wa vyama vyote, na kamanda akae mbali siku hiyo. Kumtuma mtu akafe alafu umwambie mambo ya kuamua vita hayakuhusu, hapana. Hilo nitalipigania.

ZUHURA: Hilo tutalipigania wote. Haya, muda umetuishia, tutumieni ujumbe wa sauti, hasa walioko jeshini au waliowahi kuwepo, mtuambie siku ya uchaguzi kwenu inakuwaje.