Kifafa na Mzunguko wa Hedhi

Ndugu zangu, naomba nianze na kalenda ya ukutani ambayo mama mmoja aliniletea, ameikunja na kuifunga kwenye pindo la khanga. Siku alizoanguka kifafa alizizungushia wino mwekundu, na siku za hedhi wino wa buluu. Kwa miezi minne mfululizo rangi hizo mbili zilikuwa zimesongamana. Alikuwa amekwisha kukemewa kwamba anaruka dozi, ilhali hakuwa ameruka hata kidonge kimoja, na jambo hilo bado linaniuma.

Homoni mbili za kike zinahusika hapa. Estrojeni huzichochea seli za ubongo. Projesteroni, ikishabadilishwa mwilini kuwa alopregnanoloni, huzituliza, tena kwa njia inayokaribiana sana na ile ya fenobabitoni, dawa ya kifafa. Siku chache kabla ya hedhi projesteroni hushuka ghafla, utulivu huo ukapungua, na dozi iliyotosha wiki iliyopita ikawa haitoshi tena. Takriban theluthi moja ya wanawake wenye kifafa hupatwa na hali ya namna hii, ingawa kwa wengine mianguko huzidi yai linapopevuka.

Lamotrijini, dawa nyingine ya kifafa, ina habari yake. Estrojeni ya vidonge vya uzazi wa mpango hulifanya ini liiondoe dawa hiyo haraka, hata kiwango chake katika damu kikaweza kupungua kwa nusu. Ikifika wiki ya kupumzika vidonge, kiwango hupanda, na mtumiaji akaanza kuona kizunguzungu au kuona vitu viwiliviwili. Katika ujauzito hushuka vilevile, kwa hiyo daktari huongeza dozi, kisha huipunguza upesi baada ya kujifungua.

Upande wa pili, fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini, dawa tulizozizoea vituoni kwetu, huharakisha kuvunjwa kwa homoni za vidonge na za vijiti vya uzazi wa mpango, na mwanamke anaweza kushika mimba kijiti kikiwa mkononi. Kitanzi hakiathiriki.

Yule mama, kwa kuwa hedhi yake haikupishana tarehe, aliandikiwa klobazamu, dawa nyingine ya kuzuia kuanguka, ya siku chache tu kila mwezi, juu ya dawa yake ya kawaida. Asingeweza kupangiwa hivyo bila ile kalenda. Ndiyo maana nawaomba wahudumu wenzangu, kwenye kadi ya kliniki, kando ya tarehe za kuanguka, tuandike na tarehe za hedhi.