Penalti Iliyofutwa Tannadice: Mazungumzo na Waamuzi Chipukizi

Wanangu, karibuni. Ratiba inasema asubuhi hii ni sheria ya kuotea. Sheria hiyo itangoja mpaka baada ya chai. Nataka kwanza niwapeleke Uskoti, uwanja wa Tannadice, mjini Dundee, tarehe 17 Oktoba 2010.

Dundee United wanacheza na Celtic. Gary Hooper, mshambuliaji wa Celtic, anaingia kisandukuni, kipa Dusan Pernis anamtokea, Hooper yuko chini. Refa Dougie McDonald anapuliza kipenga: penalti. Kisha anamwendea msaidizi wake, Steven Craven, wanasemezana kidogo, anarudi, anaifuta.

Hapa nisikilizeni vizuri. Kuifuta kulikuwa sahihi. Kipa aliucheza mpira. Na Celtic, walionyimwa ile penalti, walishinda mechi hiyo 2–1. Kwa hesabu ya kawaida, jambo hili lilipaswa kulala uwanjani usiku uleule. Lakini wiki sita baadaye waamuzi wa ligi kuu ya Uskoti walikuwa kwenye mgomo, na McDonald hakuwa refa tena.

Kilichowafikisha huko ni maelezo ya baada ya mechi. Neil Lennon, kocha wa Celtic, alitaka kujua kwa nini penalti imefutwa, na hiyo ni haki ya kocha yeyote akiuliza kwa adabu. Akaambiwa na waamuzi kwamba msaidizi ndiye aliyemwita refa na kumtahadharisha. Sivyo ilivyokuwa. McDonald mwenyewe ndiye aliyeingiwa na shaka mara tu baada ya kupuliza, akamkimbilia Craven. Craven akajiuzulu, akaeleza gazetini kwamba yale maelezo hayakuwa ya kweli, na kwamba yeye pia alikuwa ameyakubali.

Mtaniuliza, kuna tofauti gani? Penalti imefutwa, haki imetendeka, nani alianza kumwita mwenzake kuna uzito gani? Swali hilo nilijiuliza mimi kwa miaka mingi, kwa sababu nami nimewahi kufanya hivyo. Ilikuwa mechi ya mtaani, uwanja wa mchanga, mistari imefutika tangu dakika ya kumi. Niliamua kona, mara moyo ukaniambia nimekosea, nikageuza. Nahodha akanijia juu. Badala ya kumwambia “nimeona vibaya, nimejirekebisha”, nilinyoosha kidole kwa mshika kibendera. Kijana wa miaka kumi na tisa, hakuwa amesema neno lolote. Mechi ilipokwisha walimfuata mpaka kituo cha matatu wakimtukana. Hakurudi tena kushika kibendera, na alikuwa na jicho zuri kuliko langu. Hiyo ndiyo tofauti.

Sasa, ili muelewe kwa nini uongo mdogo uliwaka moto mkubwa namna ile, lazima muijue Glasgow, mji wa Celtic na watani wao Rangers. Rangers ilianzishwa mwaka 1872. Celtic ilianzishwa mwaka 1887 na Bruda Walfrid, mtawa kutoka Ireland, ili kuchangisha fedha za kuwalisha maskini wa mashariki ya mji, wengi wao Wakatoliki waliohamia kutoka Ireland. Rangers ikawa timu ya Waprotestanti. Mji mmoja, klabu mbili, na kati yao dini, siasa za Ireland, na vikombe. Mara ya mwisho kwa Aberdeen ya Alex Ferguson kutwaa ubingwa ilikuwa 1985, na baada ya hapo, kwa miongo mitatu na zaidi, kombe la ligi lilizunguka kati ya Celtic na Rangers tu. Watu wawili wakigombania sahani moja miaka yote hiyo, anayeigawa haachi kushukiwa.

Na anavyoshukiwa! Refa wa Uskoti huulizwa alisoma shule gani, maana shule ya Kikatoliki na shule isiyo ya dhehebu kule ni alama ya upande. Msishangae. Ninyi mnajua jinsi orodha ya waamuzi wa mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards inavyosomwa: watu hawaangalii umechezesha mechi ngapi, wanaangalia jina lako la ukoo. Ugonjwa ni mmoja.

Tarehe 2 Mei 1999, uwanja wa Celtic Park, Rangers walikuja kwa watani wao wakijua ushindi unawapa ubingwa. Refa alikuwa Hugh Dallas. Sarafu ilirushwa kutoka jukwaani ikampasua kichwa. Damu ikamtoka, akatibiwa palepale, akaendelea, na muda mfupi baadaye akawapa Rangers penalti. Wachezaji watatu walitolewa kwa kadi nyekundu siku hiyo, wawili wa Celtic na mmoja wa Rangers. Rangers walishinda 3–0. Nimeitazama ile picha ya Dallas amepiga goti, mkono kichwani, mara nyingi kuliko inavyonipendeza. Mwezi uleule alichezesha fainali ya Kombe la Uskoti, na timu zilikuwa zilezile mbili.

Turudi 2010. Habari ya Tannadice ilipofichuka, shirikisho la soka la Uskoti lilimpa McDonald onyo tu. Celtic wakasema hilo halitoshi. Kila uamuzi wa refa yeyote ukaanza kupimwa kwa uongo ule mmoja. Waamuzi ambao hawakuwa Tannadice, ambao hawakumdanganya mtu, wakaanza kuulizwa uaminifu wao, wakasema wanahofia usalama wao na wa familia zao. Na hawa hawakuwa watu wanaoishi kwa kipenga. Willie Collum alikuwa mwalimu wa somo la dini. Craig Thomson, wakili. Jumamosi wanachezesha mbele ya watu elfu sitini, Jumatatu mmoja anaingia darasani kwa wanafunzi ambao baba zao walikuwa jukwaani. Basi wakapiga kura, wakagoma.

Wikendi ya 27 Novemba mechi zilichezeshwa na wageni: kutoka Israel, Malta na Luxembourg. Wengine walioombwa katika nchi nyingine walikataa, hawakutaka kuvunja mgomo wa wenzao. Nawaheshimu sana hao waliokataa. Tarehe 28 McDonald alitangaza kwamba anaacha. Na Dallas, yule wa sarafu, ambaye sasa alikuwa mkuu wa maendeleo ya waamuzi, aliondoka kazini siku hizohizo kwa sababu ya barua pepe iliyomhusu Papa. Katika mji ambao refa huulizwa dini yake!

Lakini msidhani makocha na wachezaji walikaa kivulini. Mwaka 2011 Lennon alitumiwa risasi kwa posta, kisha vifurushi vya mabomu, na mwezi Mei shabiki akamrukia pembeni mwa uwanja wa Tynecastle, mechi ikiendelea. Katika mwaka huohuo, kwa kocha huyohuyo, ndipo Victor Wanyama, Mkenya wetu, alipofika Celtic kutoka Ubelgiji. Akachagua jezi namba 67, kuwaheshimu Celtic waliotwaa Kombe la Ulaya mwaka 1967. Sisi huku tunakumbuka kichwa chake dhidi ya Barcelona, 7 Novemba 2012, Celtic 2, Barcelona 1. Mimi niliruka mpaka kikombe cha kahawa kikavunjika. Ila kama mwamuzi, mechi ya Wanyama ninayoirudia ni ya 25 Machi 2012, Ibrox. Celtic wangechukua ubingwa nyumbani kwa Rangers kama wangeshinda. Refa Calum Murray akamtoa Cha Du-ri wa Celtic kwa kadi nyekundu, akamtoa Wanyama, akamtoa na Bocanegra wa Rangers. Wakati wa mapumziko akamwondoa Lennon kwenye benchi. Rangers wakashinda 3–2. Fikirini uzito wa mfuko wa shati la mtu huyo alipokuwa akienda kuupapasa, mwaka mmoja na nusu tu baada ya Tannadice.

Tangu Oktoba 2022 ligi yao ina VAR, waamuzi wanaomsaidia refa kwa kutazama video. Watu walidhani makelele yatakwisha. Hayakwisha, yalihamia chumba cha video. Ila naona faida moja ambayo McDonald hakuwa nayo: refa anayeitwa kwenye skrini, dunia nzima inamwona akigeuza uamuzi wake, wala hahitaji kumtungia mtu hadithi. Huku kwetu hatuna skrini. Uwanja wa kaunti una refa, vibendera viwili, na ulimi wako.

Kwa hiyo kuanzia leo, katika kozi hii, atakayebadili uamuzi atautamka: nilipuliza nini, niliona nini baadaye, nani aliniambia, na kama hakuna aliyeniambia, hivyo hivyo. Nahodha akikasirika, akasirike. Ukimtaja msaidizi, awe kweli alisema.

Chai iko tayari pale nje. Mkimaliza, vaeni viatu tushuke uwanjani. Wawili watakuwa kipa na mshambuliaji, mmoja atashika kibendera, mmoja kipenga. Nitasimama mahali pa Lennon, na nitauliza.