Pua ya Kioo: Ndege ya Kirusi kwenye Filamu ya 1974

REHEMA: Karibuni tena wasikilizaji. Wiki hii kaka Kassim kanikalisha nitazame filamu ya vichekesho ya Warusi na Waitalia, ya mwaka 1974, mwongozaji wake Eldar Ryazanov. Nimecheka mpaka machozi, ila mwenzangu alikuwa anasimamisha picha kila saa!

KASSIM: Niwie radhi, dada. Ile ndege inaposhuka barabarani katikati ya magari, mimi hushindwa kukaa.

REHEMA: Nilipoona injini mbili mkiani nikasema, hii DC-9 ya Wamarekani.

KASSIM: Kwa mbali zinafanana kweli. Injini mbili nyuma, mkia kama herufi T. Sasa sogea kwenye skrini, tazama pua. Unaona nini?

REHEMA: Vioo. Kama kijichumba cha vioo, chini ya madirisha ya marubani.

KASSIM: Enhee! Humo alikaa mwenye ramani, anayeongoza njia huku akiitazama ardhi. Chanzo chake ni ndege ya kivita. Wasovieti waliichukua Tu-16, ya kudondosha mabomu, wakaitolea Tu-104 ya abiria, iliyoanza safari 1956. Pua ile ikarithiwa na Tu-124, kisha Tu-134. Jeti ya abiria yenye pua ya kioo, hapo umeshafika kwenye ukoo wa Tupolev, watengenezaji wa ndege wa Kisovieti; hiyo "Tu" ndiyo jina lao.

REHEMA: Haya, kati ya ndugu hao watatu, huyu ni yupi?

KASSIM: Angalia injini. Tu-104 na Tu-124 injini zao zimezama kwenye mashina ya mabawa, zimebana kiwiliwili. Hii yetu zimekaa mkiani. Ni Tu-134, sina shaka.

REHEMA: Na yale mavimbe marefu nyuma ya mabawa, yamechongoka kama ncha ya mtumbwi? Nilidhani matangi ya mafuta.

KASSIM: Umeona vizuri sana! Ni maficho ya magurudumu. Kila upande una manne. Ndege ikiruka, yanapinduka na kuingia humo. Ndiyo alama ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu hata mkanda ukiwa umechakaa na pua haionekani, umbo lile halijifichi.

REHEMA: Niambie ukweli sasa. Ile ya kutua barabarani walitumia kindege cha kuchezea?

KASSIM: Ndege nzima, dada! Walipiga picha Ulyanovsk, mji wa Urusi penye chuo cha urubani. Njia ya kurukia ilipambwa ionekane barabara kuu, magari yakaingizwa yakimbie, na rubani Ivan Tarashchan akaishusha Tu-134 hapo hapo. Kompyuta ya kuchora picha kama hiyo haikuwapo. Mimi namheshimu sana mtu yule.

REHEMA: Mungu wangu! Na wenye magari je, na ndege inawajia kichwani?

KASSIM: Ndiyo maana narudia kuitazama.

REHEMA: Basi rudisha nyuma. Inapogusa lami, simamisha. Nataka niyahesabu hayo magurudumu mwenyewe.