Gomba la Kusomea: Mhadhara kwa Wazazi na Wanafunzi, Tanga

Wakubwa shikamooni. Wanangu wanafunzi, karibuni.

Wazazi wengi hapa Tanga humsindikiza mtoto stendi na wosia mmoja: jihadhari na unga, yaani heroini na mfano wake. Wosia mzuri, lakini chuoni mara nyingi unga sio unaotangulia. Vijana ninaokaa nao wengi walianzia sigara, pombe au mirungi, tena kipindi cha mitihani.

Tazameni inavyokwenda. Bumu, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, limechelewa, kijana yuko gheto na wenzake, masomo yamelundikana. Mmoja analeta gomba, yaani mirungi, limefungwa kwenye jani la mgomba lisinyauke, maana kathinoni, kemikali ya kuchangamsha iliyomo, hupungua nguvu mirungi ikikauka. Wanatafuna na bablishi, wanasoma mpaka alfajiri. Kathinoni ni jamii moja na amfetamini, dawa kali ya kuchangamsha mwili: inafukuza usingizi na njaa, inaupeleka moyo mbio. Kijana anaingia kwenye mtihani mikono inatetemeka, na usiku wake usingizi hauji. Rafiki yule yule anampa msokoto wa bangi ashushe stimu. Sasa bangi ndiyo inayovuruga kumbukumbu aliyokuwa akiihangaikia! Muhula unaofuata anatafuna hata kama hakuna mtihani.

Tafiti za vyuoni zinataja mambo yale yale: marafiki wanaotumia, pombe na sigara, msongo, kuishi mbali na wazazi. Zinasema pia wavulana ndio wengi. Mimi hapo situlii, kwa sababu binti anaogopa zaidi kusema.

Wapo wanaoniambia, "Hili jani tu, ng'ambo ya Horohoro linauzwa hadharani." Kweli, Kenya ni zao halali. Huku kwetu mirungi na bangi zimo kwenye sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015, na kesi yake si ndogo. Ila nawasihi wakuu wa vyuo: anayekuja mwenyewe kuomba msaada asipewe barua ya kusimamishwa. Wenzake wakiiona barua ile, hatokuja mwingine.

Na wewe mzazi, mtoto akirudi likizo amekonda, halali usiku, hasira karibu, muulize habari za usingizi kabla ya matokeo.

Methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, ni ya waraibu wa heroini. Mirungi na bangi havina dozi kama hiyo. Ni ushauri nasaha na kufuatiliwa kwa miezi. Pa kuanzia ni 119, simu ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Mimi nabaki hapa ukumbini. Asiyetaka kuuliza mbele za watu anifuate.