Sh anaijua tayari, kizaazaa kiko kwenye oo

ZUHURA: Haya anza wewe, maana toka tumekaa hapa unacheka peke yako.

BEKA: Dada we acha tu. Jana niko na dogo kwenye daladala tunatoka Tabata, siku hizi kila bango lazima alisome, afu kwa sauti, gari zima linasikia. Tukapita duka la dawa, limeandikwa "pharmacy", jamaa akajipanga, "pu-ha-ma-si"! Konda alicheka mpaka akasahau kunidai nauli. Nikamwambia ni famasi, akaniuliza baba, kwani f iko wapi hapo? Nikakosa jibu.

ZUHURA: Na hajakosea yule mtoto, kasoma kama tulivyomfundisha. Kwenye Kiswahili p na h hazikai pamoja kabisa. Hiyo ni mambo ya Wagiriki, wao walikuwa na herufi yao moja, Warumi wakaiandika kwa herufi mbili, Kiingereza kikarithi hivohivo. We mwambie hawa wawili wakishikana mikono wanasema fff, basi, asikuulize zaidi.

BEKA: Kushikana mikono, ndo unavyofundisha?

ZUHURA: Ndo hivo. Bebi klasi nawapa herufi mojamoja, wakifika priyuniti ndo tunaanza za wawiliwawili. Nachukua vizibo vya soda, kila kizibo herufi moja, ila s na h nazigundisha kwenye kipande kimoja cha boksi ili mtoto asiweze kuzitenganisha hata akitaka. Akiunganisha neno inabidi azibebe zote mbili kwa mkupuo, mkono unamfundisha kabla ya mdomo.

BEKA: Vizibo! Kwa mangi pale wanavitupa tu.

ZUHURA: Kaviombe. Ila ngoja nikwambie kitu kinachonikera. Vitabu vingi vya sauti za Kiingereza vinavyouzwa hapa mjini viliandikwa kwa ajili ya mtoto wa London, kwake sh ni kitu kipya kabisa. Mtoto wa Mbagala yeye kashasoma shati, chai, thelathini, dhahabu, ng'ombe, nyanya, kashajua zamani kwamba herufi mbili zinaweza kutoa sauti moja! Afu mwalimu anaanza nae sifuri, wiki nzima sh, wiki nzima ch. Mimi sh namalizia siku moja, naandika "shati" namuuliza mwanzo unasemaje, nafuta, naandika "shop", anasoma mwenyewe.

BEKA: Kwaiyo ukishajua Kiswahili umemaliza.

ZUHURA: Weee, nani kakwambia? Kuna mitego. Kwetu sh haikai peke yake, tulikariri sha she shi sho shu, irabu lazima. Sasa "fish" inaishia kwenye sh, mtoto anakuja na "fishi". Hapo namwambia fanya kama unamnyamazisha mtu, shhh, ukishafika hapo simama, usiongeze kitu.

BEKA: Mi mwenyewe naagiza fishi.

ZUHURA: Na chipsi, najua. Mtego mwingine th. Waingereza wanaandika th moja ila sauti ni mbili. Kwenye "three" na "tooth" ni ile ya thelathini, kwenye "this", "that", "mother" ni dh, ile ya dhahabu. Sisi tuna herufi za kutenganisha, wao hawana. Tena zamani walikuwa na herufi zao mbili kwa sauti hizo, ila hata wao walizichanganya hovyo, baadae th ikazifukuza zote.

BEKA: Kumbe tumewazidi.

ZUHURA: Hapo tumewazidi. Mi kwenye "this" naandika dh ndogo ya penseli juu ya th, baada ya wiki mbili nafuta. Shida ni mzazi, wewe dhahabu unaitaje?

BEKA: Zahabu.

ZUHURA: Si umeona! Ndo maana dogo anasema "zis". Mkalishe mbele ya kioo, ulimi uonekane katikati ya meno, na wewe baba mtu kaa hapohapo ufanye.

BEKA: Sawa mwalimu. Ila mi kinachonitesha hasa ni "moon". Anaisoma kama choo.

ZUHURA: Sasa hapo ndo umegusa penyewe. Konsonanti ni njia ya mkato, irabu ndo zinatuangusha. Mtoto wetu oo anaijua, ipo kwenye choo, njoo, kondoo, ni o iliyovutwa. Kiingereza kinamwambia sasa hiyo ni uu. Na ee ya mzee inageuka ii, "see" inakuwa sii. Afu "boat" anaisoma bo-a-t, kwa sababu oa kwake ni vitu viwili, si ndo kuoa! "Rain" anasema ra-in. Sio mzito, anafuata sheria yetu ya kila irabu isikike. Kwaiyo muda niliookoa kwenye sh na ch naumwaga wote huku, polepole, "moon" na "food" na "spoon" kwanza, "book" nakuja nayo baadae sana maana ile u yake ni fupi. Na ee sifundishi wiki moja na ea ya "sea", maana nayo ni ii, nilishawahi, darasa zima likavurugika.

BEKA: Na utajuaje kashika kweli, hajakariri tu? Wangu vitabu vyake anavikariri, nikigeuza ukurasa anaendelea kusoma ule wa nyuma.

ZUHURA: Mpe neno ambalo halipo. Uingereza kule toka 2012 watoto wa mwaka wa kwanza wanapimwa kwa maneno 40, na 20 kati ya hayo ni ya uongo, hayana maana yoyote. Huwezi kukariri neno ambalo hujawahi kuliona. Ngoja nikujaribu na wewe, soma hili hapa.

BEKA: S, h, o, o, b... shoob. Kama choo.

ZUHURA: Beka.

BEKA: Nini?

ZUHURA: Shuub.