Kabla Hujashika Bomba la Dawa, Geuza Jani

Asanteni, kaeni. Walio nyuma wasogee mbele, viti vipo. Najua mnakimbia maswali.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuwaona viumbe bustanini majira ya kuchipua. Wengi mmeshanisikia na mnajua nitaanzia wapi: kwa vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea. Ndiyo, tena. Nitaanzia hapohapo kila mwaka mpaka watu waache kuwapulizia dawa viumbe wasiowajua.

Machipukizi yakitokeza tu, vidukari wamefika. Majike wanazaa bila dume, wanazaa watoto walio hai, na mtoto anazaliwa tayari na mimba yake. Ndiyo maana leo unaona wachache, na baada ya siku chache bua zima limefunikwa. Hapo mwenye bustani anakimbilia bomba. Ngoja kwanza! Vuta kigoda, kaa, geuza jani.

Chini ya jani utaona vijiyai vya manjano vimesimama wima, vimesongamana. Ni vya yule mdudu mwekundu wa mviringo mwenye madoa meusi, ambaye watoto wanapenda kumtembeza kidoleni. Lakini vikianguliwa hatoki mwekundu. Anatoka buu mweusi mrefu, miguu sita, vinundu mgongoni, na akikua anapata alama za rangi ya machungwa. Mamba mdogo hasa. Watu huniletea huyu kwenye chupa, wamekasirika: "Mwalimu, huyu ndiye anayemaliza waridi zangu." Nauliza, ulimwona akila jani? Kimya. Basi mrudishe kwenye bua umtazame. Anatembea akipapasa, anamgusa kidukari, anamng'ata, anamfyonza mpaka linabaki ganda, kisha huyo kwa mwingine. Mpaka aje kuwa yule mwekundu atakuwa amemaliza mamia. Yule mwekundu unampiga picha, buu wake unamponda kwa sababu ya sura!

Najua kuna mtu anajiandaa kusema, mbona kwangu vidukari wamejaa na walaji siwaoni? Ndugu yangu, mlaji anakuja baada ya chakula kuwapo. Ukipulizia siku ya kwanza, atakuja kufanya nini? Tena dawa nyingi hazichagui, na vidukari wachache wakibaki wanajaza bua upya kabla mlaji hajarudi.

Ukiwa bado umekaa, watazame sisimizi. Hawapandi kula jani. Wanawapapasa vidukari ili watoe maji matamu, na mlaji akikaribia wanamfukuza. Halafu tafuta kidukari aliyevimba, amegeuka kahawia, hatikisiki. Mgongoni ana kitundu cha duara, safi. Huyo aliliwa kutoka ndani na buu wa nyigu mdogo sana, na pale ndipo nyigu alipotokea. Chukua lenzi, jani moja litakumalizia asubuhi nzima.

Mtasema mlikuja kwa ajili ya ndege. Haya, ndege. Hata wengi wa wale wanaokula mbegu huwalisha makinda wadudu, kwa hiyo ukiwaua wadudu usiniulize ndege wamekwenda wapi. Ukimwona ndege ameshika kiwavi mdomoni na hamezi, kiota kiko jirani. Usimfuate. Rudi nyuma ukae kimya. Ukisimama karibu hataingia, na makinda watakaa na njaa kwa ajili ya picha yako. Kuwasikia, amka alfajiri. Habari za usingizi sitaki kuzisikia.

Nyuki kwa haraka. Wako zaidi ya spishi 20,000 duniani, na walio wengi hawajui mzinga; kila jike anajichimbia au anajitafutia tundu lake. Acha kipande cha ardhi wazi, penye jua, bila nyasi. Ukiona kitundu chenye udongo laini pembeni, subiri atoke. Hana mzinga wa kulinda, hatakukimbiza.

Na andikeni! Mwaka 1736 Robert Marsham wa Norfolk, Uingereza, alianza kuandika tarehe za dalili za majira haya: ua la kwanza, jani la kwanza, ndege wa kwanza kurudi. Familia yake iliendelea mpaka 1958, na leo wanasayansi wanazitumia rekodi hizo kuona majira yanavyosogea. Daftari na kalamu tu. Nyinyi mna simu mfukoni mnaniambia hamna vifaa.

Popo na vyura wamebaki, na mwenyekiti ananionyesha saa kwa mara ya pili. Popo tuwaache. Vyura sentensi moja: ukikuta mayai kwenye dimbwi, usiyahamishie kwenye ndoo, yaache palepale uwe unapita kuyatazama.