Tumbawe Jeupe, Hai au Limekufa? Jinsi ya Kupima Afya ya Mwamba

Karibuni. Tazama picha hizi mbili kwenye skrini. Matumbawe mawili, yote meupe pe. La kushoto liko hai. La kulia limekufa juzi tu. Tutarudi kwenye picha hizi, maana hapo ndipo wengi hukosea.

Vifaa ni vichache: utepe wa kupimia wa mita 20, kibao cha plastiki na penseli, kamera, na kadi ya rangi. Mimi natumia kadi ya CoralWatch, mradi wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia. Ina rangi za aina nne, kila moja na ngazi sita, kutoka hafifu hadi iliyokoza. Na uwe na mwenzako. Usizamie peke yako.

Anza kwa kuweka kumbukumbu ya mahali: vipimo vya GPS, kina cha maji, na upande utepe unakoelekea kwa dira. Najua inachosha. Lakini kipimo cha siku moja hakikuambii kama mwamba unapona au unazidi kudhoofika. Lazima urudi palepale.

Sasa tandaza utepe. Kuanzia sifuri, simama kila nusu mita uandike kilicho chini ya alama: tumbawe hai, tumbawe lililokufa, mwani, mchanga. Usichague! Jicho hupenda kukimbilia tumbawe zuri lililo kando. Ishia mita 19 na nusu, utapata nukta 40. Kumi zikiangukia matumbawe hai, basi yamefunika robo ya mstari wako.

Kisha rangi. Sogeza kadi karibu na tumbawe bila kuligusa, usome mahali palipokoza zaidi na palipofifia zaidi. Ncha za matawi ziache. Hapo ndipo linapokua, na weupe wake ni wa kawaida. Ukipiga picha, kadi ionekane humo, kwa sababu maji humeza rangi nyekundu kabla ya nyingine na picha hutoka ya buluu.

Haya, turudi kwenye picha zetu. Tumbawe ni kundi la wanyama wadogo, polipi, na ndani ya nyama yao huishi mwani usioonekana kwa macho. Mwani huo huwalisha kwa nguvu ya jua na ndio huwapa sehemu kubwa ya rangi. Maji yakizidi joto kwa wiki kadhaa, polipi huutoa. Inabaki nyama angavu kama kioo, na chokaa nyeupe huonekana chini yake. Huko ndiko kupauka.

Kuza picha ya kushoto. Unaona minyiri midogo? Nyama ingalipo. Joto likishuka mapema, tumbawe hili linaweza kupona. Kuza ya kulia: vishimo vitupu vya chokaa, kingo zake kali. Baada ya siku chache mwani wa kijani utaanza kutanda juu yake, na ukichelewa utaliandika kuwa lilikufa zamani. Ndiyo maana msimu wa joto mimi huzamia mara nyingi zaidi.

Ukikuta kovu jeupe lenye mpaka wazi, nyama nzima upande mmoja, usiandike haraka kuwa limepauka. Chungulia chini ya matawi: huenda kiti cha pweza chenye miiba, mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, kimejificha humo, nacho hula nyama ya matumbawe. Usipokikuta, piga picha na uandike "sababu haijulikani."

Kabla ya kupanga safari, angalia ramani za joto la bahari za NOAA, shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa. Hujumlisha kiasi cha joto kilichozidi na muda lilivyodumu. Kipimo kikifika 4, tarajia kupauka. Kikifika 8, tarajia vifo.

Ukitoka majini, nakili kibao siku hiyohiyo, kabla maandishi hayajafutika. Nilishawahi kusubiri hadi kesho yake, nikabaki na nukta 31.